Kivu: Mashine za radiografi zipimwe, raia wasiumizwe na mionzi inayovuja

Mama aliyekimbia vita na kufika Goma na mtoto anayekohoa anaweza kutumwa kupiga radio ya kifua. Anangojea kwenye benchi, karibu na mlango wa chumba cha mashine. Mionzi haionekani, hainuki, haisikiki. Mama huyo hawezi kujilinda mwenyewe. Wenye mashine ndio wanaopaswa kumlinda, na hawawezi kumlinda bila kupima.

Isieleweke vibaya: radiografi ni msaada mkubwa. Inaonyesha mfupa uliovunjika, pafu lenye kifua kikuu, na risasi iliyobaki mwilini. Mgonjwa asiikatae kwa uoga. Mashine hutoa mionzi wakati kifungo kinapobonyezwa tu. Baada ya picha, hakuna mionzi inayobaki mwilini wala chumbani.

Tatizo ni pale mionzi inapotokea pasipostahili. Ndani ya mashine kuna tyubu iliyofungwa katika kasha lenye madini ya risasi, na mionzi inapaswa kutoka kwenye dirisha moja dogo kumwelekea mgonjwa. Kasha likipasuka, kwa mfano baada ya kutikiswa ndani ya lori kwenye barabara mbovu, mionzi inaweza kuvuja pembeni. Picha itatoka safi, na hakuna atakayejua.

Kupima kunawezekana. Fundi anafunga dirisha lile, anaweka kipimo mita 1 kutoka kwenye tyubu, anajificha nyuma ya ukuta, kisha anabonyeza. Anahamisha kipimo upande baada ya upande. Kiwango cha kimataifa kiko wazi: mionzi inayovuja isizidi miligrei 1 kwa saa moja. Ikizidi, mashine isimame hadi itengenezwe.

Congo ina sheria ya kulinda watu dhidi ya mionzi tangu mwaka 2002. Lakini karatasi iliyo Kinshasa haimlindi mfanyakazi wa Kivu anayebonyeza kifungo kila siku. Serikali itume mafundi na vipimo mikoani. Wanaoleta mashine, mpya au zilizokwisha kutumika, wazipime baada ya kuzifunga hospitalini, si kabla ya safari tu. Tarehe ya kipimo ibandikwe mlangoni.

Raia nao wana haki ya kuuliza: mashine hii ilipimwa lini? Mwanamke mwenye mimba aseme kabla ya picha. Kuuliza si kumtukana muganga. Ni kumsaidia pia, kwa sababu mgonjwa anarudi nyumbani, lakini yeye anabaki na mashine hiyo.