Taksi ikinuka esansi, tusinyamaze

Hapa Goma tumezoea kupanda taksi inayonuka esansi na kunyamaza. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa: unatulia chini, pale mama aliyekimbia vita ameketisha watoto kati ya mizigo. Cheche moja inatosha.

Mara nyingi chanzo ni kidogo sana. Mpira wa kifuniko cha tanki umepasuka, ao kile kipira kinachopeleka mvuke kwenye kopo la makaa kimetoboka. Fundi mwenye mashine ya moshi ataona panapotoka. Asiye nayo aanze na kifuniko, kisha afuate mipira yote kwa macho na pua, injini ikiwa imepoa. Kumulika na kiberiti, hapana! Na shofere akijibu "ni kawaida", ninyi abiria mushuke.