KIBALI KIWE CHA MFANYAKAZI, SI CHA BWANA

Ndugu wananchi, nyumba nyingi za Kyela, na za Bujonde pamoja nazo, zina habari za babu aliyekwenda kuchimba dhahabu Afrika ya Kusini. WENELA ilimwandika, akashuka shimoni kwa mkataba, na mkataba ulipokwisha akarudishwa kwao. Nchi ile iliitaka mikono yake; mwenyewe haikumtaka. Baada ya Uhuru wa 1961 serikali yetu ilikata upelekaji huo. Ng'ambo ya Mto Songwe, Malawi nayo iliusimamisha mwaka 1974, baada ya ndege ya wachimbaji kuanguka Francistown.

Majirani zetu wa Kenya nao walivikwa kipande shingoni. Bwana aliandika humo siku ya kuajiri na siku ya kumwacha mtu. Asipotia saini, mfanyakazi hakuweza kuajiriwa kwingine kwa halali. Karatasi ilikuwa ya mfanyakazi kwa jina tu. Nguvu yake ilikuwa mkononi mwa bwana.

Tulidhani mambo hayo yamezikwa. Sivyo. Leo vijana wetu, hasa wasichana, wanakwenda Oman na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Kibali chao hufungwa kwa kafili, yaani yule aliyewaita. Akimfukuza mtumishi, au mtumishi akikimbia kwa kupigwa na kunyimwa mshahara, huenda kibali kikafa siku hiyo hiyo. Jana alikuwa mfanyakazi. Leo anaitwa mtoro. Ndiyo sababu wengi hunyamaza na kuvumilia.

Wako wasemao: mgeni aliitwa kwa kazi, kazi ikiisha arudi kwao. Twawauliza: na anayedai mshahara wa miezi mitatu, atamdai nani akiwa amekwisha kupakiwa katika ndege?

Wala tusiambiwe kuwa jambo hili haliwezekani. Mkataba wa 143 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1975, unasema kuwa mgeni anayekaa kwa halali asihesabiwe mhalifu kwa sababu tu amepoteza kazi. Kenya iliuridhia mwaka 1979. Qatar ilifuta mwaka 2020 sharti la kuomba ridhaa ya bwana wa zamani kabla ya kuhamia kwa mwingine, na watumishi wa nyumbani wamo. Oman iliondoa sharti hilo tangu Januari 1, 2021, kwa wale ambao mikataba yao imekwisha. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024 inampa mwenye kibali aliyepoteza kazi walau miezi mitatu ya kutafuta nyingine.

Lakini kabla ya kumnyoshea mwingine kidole, tujitazame wenyewe. Sheria yetu ya ajira za wageni ya mwaka 2015 humpa mgeni kibali cha miezi isiyozidi 24 kwa mara moja, kwa kazi iliyotajwa na kwa mwajiri aliyemwombea. Mmalawi aliyevuka Kasumulu kwa halali, akafukuzwa kazi upande huu, naye hubaki hana pa kusimama. Tutadaije Muscat kile tusichompa jirani wa Karonga, ambaye babu yake alishuka shimo moja na babu yetu?

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, kila mapatano ya kupeleka wafanyakazi nje yataje miezi mitatu ya kutafuta kazi nyingine. Pili, asirudishwe mtu kwa nguvu kabla madai yake ya mshahara hayajasikilizwa. Tatu, sheria yetu wenyewe itoe haki hiyo hiyo kwa mgeni aliye kwetu kwa halali.

Wanachama, jambo hili lizungumzeni katika mikutano ya matawi, na mjumbe wenu mumwulize anasimama upande gani. Tuliposema Uhuru na Kazi hatukusema uhuru wa bwana na kazi ya mtumwa.