Baiskeli ya Staa, Upepo wa Madimba

Kuna staa mmoja, jina kapuni, katua pande za Madimba na baiskeli ya reso. Picha kali, laiki kibao. Swali langu ni moja tu: upepo ukiisha, anajaza na nini?

Tuelewane, wadau. Valvu zipo aina tatu. Ya kwanza ni ile ya kizamani ya baiskeli za mizigo kama Phoenix, ndani ina kimpira chembamba. Kikichoka unavalisha kingine, safari inaendelea. Ubaya wake, kuipampu kunataka misuli. Ya pili ni Schrader, nene milimita 8, sawa na ya bodaboda na gari. Ya tatu ni Presta, nyembamba milimita 6, ina kinati unakilegeza kwanza ndiyo ujaze. Hiyo ndiyo ya mastaa.

Sikatai, kwenye lami na tairi jembamba linalotaka upepo mwingi, Presta ni habari nyingine. Lakini tundu la rimu yake ni dogo, tyubu ya valvu nene haipiti. Tyubu ikichanika huku kwenye mchanga, fundi atakuangalia tu, utasukuma mpaka ukome.

Sasa mvuvi anayewahisha samaki sokoni au dogo anayewahi shule atabahatisha hivyo? Ukinunua baiskeli, angalia valvu kabla ya rangi. Mimi nipo na Schrader. Mwenye Presta, tembea na adapta na tyubu ya akiba.

Wewe upo timu gani? Funguka hapo chini.