Mtoto na Paka Wake



Sisi mafundi cherehani tunasikia mengi wakati wa kupima nguo. Bibi harusi anapanga nyumba yake: mapazia, mazulia, vyombo. Akitajwa paka, jibu huwa moja: "Kwangu hapana, manyoya yale!" Tunamwelewa, maana usafi ni katika dini yetu. Lakini watoto wakija, In shaa Allah, paka ana kazi kubwa ndani ya nyumba ile.

Mtoto wa miaka saba au minane mwambie: maji ya paka asubuhi na kichwa cha samaki mchana ni juu yako. Akisahau, mnyama atamlilia miguuni. Hapo anajifunza amana bila ya kuhubiriwa. Anajifunza pia kumsoma asiyeweza kusema: paka akilaza masikio na kupigapiga mkia, kachoka kuchezewa, muache. Na mtoto mwenye haya, asiyemwambia mtu yaliyomkuta skuli, mara nyingi humwambia paka wake.

Haya si mageni kwetu. Mtume (S.A.W.) alimuuliza Abu Umayr, mtoto mdogo, habari za kindege chake kilichokufa, hakuiona huzuni ya mtoto kuwa upuuzi. Na katika Hadithi ya Abu Qatada tumefundishwa kuwa paka si najisi, ni katika wanaotuzunguka majumbani. Tunamjua pia yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila ya chakula mpaka akafa.

Tahadhari zipo. Mjamzito asisafishe choo cha paka, aachiwe mwengine, kwani kinyesi kinaweza kuwa na vijidudu vinavyomdhuru mtoto tumboni. Paka akimng'ata au kumparura mtoto, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuchelea kichaa cha mbwa. Lakini hiyo si sababu ya kuwatia vitoto vya paka kwenye gunia na kwenda kuvitupa sokoni.

Mtoto anayetumwa kulitupa gunia lile anajifunza kwamba kiumbe dhaifu akikuchosha, unamtupa. Na huyo kesho ni mume wa mtu. Aliyezoea kuamka kumwekea paka maji, tunaamini hata mkewe akiumwa atajua pa kuanzia.

Wabillahi tawfiq.