Kona Haimsubiri Dereva

Ndugu zetu wa Manyatta, Kisumu, wakisafiri kuelekea Kakamega hupita Kondele, kisha huufikia mzunguko wa Coptic kule Mamboleo. Hapo ndipo tarehe 8 Agosti 2025 basi lililowabeba waombolezaji waliotoka mazikoni lilipomshinda dereva na kupinduka. Walifariki zaidi ya watu 20.

Tumezoea kusema kwamba kona humtupa mtu nje. Kwa hakika hakuna kinachomsukuma. Mwili hutaka kuendelea moja kwa moja, na gari ndilo linalogeuka. Nalo hugeuzwa na mshiko wa matairi kwenye lami, mshiko wenye kikomo, ambao hupungua zaidi kwa mvua au mchanga.

Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu inayohitajika kuligeuza gari huongezeka mara nne. Tuchukue kona ambayo ni sehemu ya duara lenye nusu kipenyo cha mita 40, na mama aliyempakata mtoto wa kilo 10. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, mtoto huvuta upande kama mzigo wa kilo 3. Kwa 60, kilo 7. Kwa 80 angevuta kwa zaidi ya kilo 12, kupita uzito wake mwenyewe! Lakini kabla ya kufika hapo matairi yangekwisha kuteleza, au gari refu lenye mizigo juu ya paa lingekwisha kulala ubavu.

Wako wanaojituliza kwamba matatu ina kidhibiti mwendo. Naam, ila kifaa hicho huzuia gari lisizidi 80, hakijui kona.

Breki nazo zina wakati wake. Tairi linalotumia mshiko wake wote kupunguza mwendo halibakiwi na mshiko wa kugeukia, ndiyo maana dereva mzuri hupunguza mwendo barabara ikiwa bado imenyooka. Basi na sisi abiria, hasa akina mama tunaonyamaza kwa kuona haya, wakati wa kusema "Taratibu, mwanangu" ni huko kwenye mteremko, kabla mzunguko haujafika. Gari likishaingia konani tusimpigie kelele dereva, asije akakanyaga breki kwa ghafla. Tumshike mtoto kwa mikono miwili.