Ng'ombe aliyeijenga Nyagatare sasa anaambiwa aingie bandani

KABLA ya saa kumi na mbili asubuhi, magari ya maziwa kutoka Mkoa wa Mashariki huwa yameshaingia Kigali. Hapa Gikondo ninakoishi na kufundisha, ukikaa kwenye duka la maziwa na glasi yako ya mtindi, ambao wenyewe tunauita ikivuguto, utapata habari zote za Nyagatare bila kununua gazeti: kama mvua imenyesha, kama mnada umefungwa kwa ajili ya ugonjwa wa midomo na kwato, kama foleni ya malori pale Kagitumba ni ndefu au fupi. Wanaozungumza ni sisi tuliorudi kutoka uhamishoni, na wafanyabiashara wa mpakani wanaosubiri mizigo yao itoke kwenye maghala ya forodha. Mara nyingi mtu mmoja ndiye huyo huyo.

Siku hizi mazungumzo yameelemea kwenye swali moja tu. Kuuza ng'ombe au kutouza? Kwa muda sasa viongozi wamekuwa wakiwataka wafugaji wa Mashariki waachane na kuswaga makundi. Sehemu kubwa ya shamba ilimwe mahindi, maharage na majani ya mifugo, ng'ombe wapunguzwe, wabaki wachache wa kisasa, wakae bandani na kuletewe chakula na maji. Sheria ya ardhi nayo inaipa Serikali uwezo wa kumwondolea mtu shamba alilolitelekeza bila kulizalisha, na kila mfugaji mwenye vichaka shambani analijua hilo.

Mdogo wangu anafuga karibu na Rwimiyaga. Ana ng'ombe 31, karibu wote wa kienyeji wenye pembe ndefu. Amenipigia simu akiniuliza mimi mwalimu afanye nini, kana kwamba chaki inafundisha ufugaji. Nimeona nijibu hapa, kwa kuwa wenye swali kama lake ni wengi, na kwa kuwa halijibiki bila kujua miji ile ya malisho ilitoka wapi.

Umutara si Rwanda ya kwenye picha za watalii. Hakuna milima iliyopandana wala migomba hadi kileleni. Ni nyika, vilima vifupi, migunga, na mvua isiyozidi sana milimita 800 kwa mwaka, tena inayokuja inapotaka. Mito ya kutegemea haifiki hata idadi ya vidole vya mkono mmoja: Muvumba unaopita katikati, na Akagera upande wa mashariki ambao ndio mpaka na Tanzania. Inapokutana, pale Kagitumba, ndipo zinapokutana nchi tatu.

Kabla ya wakoloni wafugaji wa eneo hili waliifuata mvua. Mwaka huu Mutara, mwakani Ankole, mwaka mwingine Karagwe. Sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe wengi mno, na mbung'o walikuwa wengi vichakani, ndiyo maana Wabelgiji walipokuja waliiona nyika hii kama ardhi isiyo na mwenyewe. Mwaka 1934 wakachora mstari na kuifanya sehemu kubwa yake Hifadhi ya Akagera. Baadaye kando yake wakaongeza pori la uwindaji la Mutara. Nyati wakapata makazi yenye sheria, mfugaji akawa mhalifu ndani ya malisho ya babu yake.

Mistari iliendelea kuchorwa. Kuanzia 1959 wakafukuzwa watu, na babu yangu akavuka Akagera na kuangukia Karagwe. Miaka ya 1970 ukaja mradi mkubwa wa ufugaji uliosaidiwa na Benki ya Dunia, ukagawa nyika kuwa vitalu vya malisho, ukachimba malambo na majosho. Oktoba 1982 Wanyarwanda walioishi Ankole walifukuzwa, na wapatao 40,000 walivuka kuingia Rwanda. Novemba mpaka ukafungwa, na maelfu wengine wakakwama kwenye ukanda mwembamba pale Mirama Hills, nyuma hawatakiwi na mbele hawaruhusiwi. Mfanyabiashara anayegongesha pasipoti yake leo kwenye kituo cha pamoja cha Kagitumba na Mirama Hills anapita juu ya mahali hapo. Nilishawahi kumwambia dereva mmoja habari hiyo, akasema yeye alidhani tatizo kubwa kuliko yote kuwahi kutokea pale ni mtandao wa forodha kukatika.

Vita vilianzia hapo hapo tarehe 1 Oktoba 1990, na Fred Rwigema aliuawa siku iliyofuata katika eneo la Matimba. Kwa miaka karibu minne Mutara ulikuwa uwanja wa mapambano. Hapa nataka niwe mkweli kwa wenzangu tuliorudi, kwa maana tunapenda kusema tulikuta nchi tupu. Haikuwa tupu, ilikuwa imehamwa. Wakulima wengi wa kaskazini walikuwa wameikimbia vita, wakirundikana kwenye kambi kama ile ya Nyacyonga karibu na Kigali.

Baba yangu alirudi mwishoni mwa 1994. Mimi niliachwa Karagwe kumaliza shule, kwa hiyo habari za ng'ombe kuogeleshwa Akagera wakiwa wamefungwa kamba za pembe nilizisikia kwa barua. Wakimbizi wa zamani wapatao laki saba walirejea nchini katika kipindi hicho kifupi, na wengi wa upande wa Uganda na Karagwe walikuja na mifugo. Ng'ombe mamia kwa maelfu hawakai kwenye vilima vya Gitarama. Wakaenda kwenye nyasi, yaani hifadhini. Serikali ikaanzisha mkoa wa Umutara mwaka 1996, na 1997 hifadhi ikakatwa kutoka kilomita za mraba zaidi ya 2,500 hadi kama 1,120, na lile pori la uwindaji likafutwa kabisa.

Hivi ndivyo miji hii ilivyozaliwa. Sijaona kitabu kinachoeleza vizuri, lakini mimi nimeiona ikikua kila likizo. Kwanza panakuwa na lambo. Wachungaji wanakutana hapo mchana, basi mama mmoja anapika chai na mandazi chini ya mgunga. Siku moja kwa wiki wanunuzi wa ng'ombe wanafika, kwa hiyo anatokea mchoma nyama. Baada ya mchoma nyama anakuja muuza dawa za kupe, na baada yake kituo cha kukusanyia maziwa chenye tangi la baridi. Penye tangi la baridi panahitaji umeme, na penye umeme pana kinyozi, mashine ya kusaga, wakala wa simu, kanisa la mabati. Karangazi, Rwimiyaga, Matimba, Ryabega pale njia panda: zote zina mfupa huo huo. Nyagatare yenyewe, iliyokuwa kituo cha mradi, sasa ina kampasi ya Chuo Kikuu cha Rwanda wanakosomeshwa madaktari wa mifugo. Sensa ya 2012 iliihesabia wilaya hiyo watu kama 466,000. Ile ya 2022 ikakuta zaidi ya 653,000. Ni wilaya ya pili nchini kwa watu, baada ya Gasabo ya hapa Kigali.

Na hapo ndipo nyasi zilipoanza kugombaniwa. Mwaka 2007 na 2008 mashamba makubwa ya Mashariki yaligawanywa upya, kikomo kikawa hekta 25. Baba alikuwa anatumia kama 40. Alilalamika wiki nzima, kisha akakubali, maana aliyepewa kipande kile alikuwa mrejea kama yeye. Huko Australia Kusini kuna shamba moja la ng'ombe, Anna Creek, ambalo eneo lake linazidi nusu ya Rwanda nzima. Kwetu mwenye hekta 25 anaitwa tajiri. Baba alipofariki tuligawana wanne, dada yetu akiwamo kama sheria ya urithi ya 1999 ilivyotaka. Hekta sita na ushee kila mmoja. Mdogo wangu anatumia zake na zangu.

Wakati huo huo watu waliendelea kuja. Mwaka 2006, na tena 2013, Tanzania iliwaondoa maelfu ya Wanyarwanda kutoka Kagera. Mwaka 2013 nilikwenda kambi ya muda ya Kiyanzi, Kirehe, kumtafuta mtu niliyesoma naye. Sikumpata, lakini nilikutana na wazee wanaozungumza Kiswahili kile kile cha shule yangu, na wengi walisema ng'ombe wao wamebaki upande wa pili. Hao walipewa viwanja, si malisho. Ndio leo wengi wao wanaochunga kwa mshahara ng'ombe wa wengine, na ng'ombe wakipunguzwa, wa kwanza kukosa kazi ni wao. Jambo hili silisikii likitajwa mikutanoni.

Upande wa hifadhi nao ulifungwa. Uzio wa umeme wa kilomita 120 ulikamilika 2013, simba wakarudishwa 2015 na faru weusi 2017. Siulalamikii uzio. Kabla yake nyati na tembo walikuwa wanakula mahindi ya watu, na watalii wanaleta fedha. Lakini wafugaji waliokuwa wakipenya usiku wakati wa kiangazi kwenda kunywesha kwenye maziwa ya hifadhi walipoteza akiba yao ya mwisho ya maji.

Kisha ukaja mradi wa Gabiro, wa kumwagilia hekta 15,600 kwa maji ya Akagera, awamu ya kwanza ikiwa hekta 5,600. Baadhi ya wenye mashamba walihamishiwa vijiji vya kisasa. Mwaka 2024 Nyagatare ikapata kiwanda cha maziwa ya unga chenye uwezo wa kupokea lita laki kadhaa kwa siku. Kiwanda cha namna hiyo hakishibi kwa ng'ombe wa kienyeji anayetoa lita mbili au tatu. Kinataka ng'ombe wa chotara anayetoa lita kumi na zaidi, kila siku, kiangazi na masika. Kwa hesabu ya nchi yenye watu zaidi ya 500 katika kila kilomita ya mraba, Serikali ina hoja, na anayesema turudi kuswaga makundi kama 1995 ajionyeshe hayo malisho yako wapi.

Hoja yangu iko kwingine. Ng'ombe wa kienyeji hujipeleka mwenyewe majini. Ng'ombe wa bandani hupelekewa. Chukua ng'ombe kumi wa kisasa wanaokamuliwa vizuri. Kila mmoja anahitaji karibu lita 80 kwa siku, jumla lita 800, yaani madumu 40 ya lita ishirini. Kutoka kwa mdogo wangu hadi lambo lililo karibu, baiskeli hubeba madumu manne. Ni safari kumi kila siku ya Mungu, bila Jumapili, na Agosti lambo lenyewe huwa tope. Ukikodi wabebaji, maziwa yote ya asubuhi yanakwisha kulipa maji. Wanaopakana na mifereji ya Gabiro wataweza. Walio mbali nayo wataonekana wazembe, watauza shamba, na atakayelinunua ni mtu wa Kigali mwenye pampu. Kinachoitwa kubadilisha ufugaji kinaweza kwisha kuwa kubadilisha wafugaji.

Wafanyabiashara wa mpakani nao wasidhani haya hayawahusu. Rwanda ilipoifunga Gatuna mwishoni mwa Februari 2019 na raia wake wakazuiwa kuvuka kwenda Uganda, malori yalielekezwa Kagitumba, lakini wachuuzi wadogo walikaa bila kazi, na corona ikaongeza kufuli juu ya kufuli hadi mwaka 2022. Miaka ile mitatu miji ya Mutara ilibebwa na mnada na maziwa. Mwenye duka Matimba aliuza sukari kwa sababu mfugaji aliuza fahali. Sasa barabara ya kilomita 208 kutoka Kagitumba kupitia Kayonza hadi Rusumo imepanuliwa, na lori linaweza kuipita Ryabega bila hata kupunguza mwendo. Mji usio na mnada wala mfugaji mwenye fedha mfukoni utabaki kuwa mahali pa kuangalia malori yakipita.

Basi jibu langu kwa mdogo wangu ni hili. Apunguze, ndiyo, kwa sababu hekta kumi na mbili haziwezi kulisha ng'ombe 31 tukataka na mahindi. Ila asiuze Julai wala Agosti wakati kila mtu anauza na wanunuzi wanatupangia bei. Asubiri mvua zirudishe mwili wa ng'ombe. Mitamba mizuri ya kienyeji abaki nayo ya kupandishia mbegu chotara, kwani damu ile inavumilia kupe. Na asinunue ng'ombe hata mmoja wa kisasa kabla hajawa na maji yake mwenyewe shambani. Viongozi wakipita kuhesabu majani, awaonyeshe kwanza dumu.

Alinisikiliza, akacheka, akaniambia kwamba kutoka ukingoni anaviona vilima vya Kyerwa nilikosomea hayo yote, wakati mimi nikitaka kwenda huko hulazimika kuzunguka Rusumo au kupita Uganda hadi Murongo. Mwezi uliopita aliuza sita. Fedha alinunulia plastiki ya kutandika bwawa la maji ya mvua, na shimo lake ameshaanza kulichimba.