MSTARI ULIOPINDA

Dereva anayeingia Tunduma na lori lake hutegemea mstari mweupe wa barabara. Siku atakapouona umepinda mahali anapojua kuwa pamenyooka, kosa si la barabara. Siku hiyo jicho lake limeanza kuharibika, na muda wa kuliokoa ni mfupi.

Twanena leo na ndugu wanachama na wafanyakazi wa Mkoa wa Songwe ambao tangu utotoni hawaoni mbali, nao huvaa miwani yenye vioo vinene, hasa ya dayopta 6 na kuzidi. Jicho la mtu wa namna hiyo ni refu kupita kiasi. Pazia la nyuma ya jicho huvutwa likawa jembamba, hata chini yake pakapasuka nyufa, na katika nyufa hizo huweza kuchipua mishipa ya damu isiyostahili kuwapo. Mishipa hiyo ni dhaifu. Huvuja maji na damu penye kitovu cha kuona. Kovu likiisha kufanyika hapo, hakuna miwani itakayosaidia. Mtu haangukii giza tupu: ataliona lori asisome nambari yake, ataona mtu amesimama mlangoni asijue kuwa ni mwanawe.

Maradhi haya hayaumi, wala hayangoji uzee. Tena jicho zima hulificha bovu. Hivyo karani wa forodha au fundi cherehani hudhani miwani imechakaa, akaenda kununua nyingine sokoni, na majuma yakapita.

Dawa ipo. Bevacizumab, iliyoanza kutumika kwa saratani, hudungwa ndani ya jicho kwa kipimo kidogo sana ili kuinyausha mishipa hiyo. Shirika la Afya Duniani liliiingiza mwaka 2013 katika orodha ya dawa muhimu za macho. Kwa wagonjwa hawa sindano chache aghalabu hutosha, lakini zafaa kabla ya kovu.

Kutoka Tunduma hadi Mbeya, iliko Hospitali ya Rufaa ya Kanda, ni yapata kilomita 100. Hadi Dar es Salaam ni zaidi ya 900. Kwa hiyo twaiomba Serikali ihakikishe kwamba dawa hii haikosekani Mbeya hata siku moja, na kwamba kila zahanati ya Songwe yajua nani apelekwe upesi. Kipimo cha kwanza hakina gharama: ukurasa wa daftari la hesabu lenye miraba, mgonjwa akiwa na miwani yake, jicho moja likifunikwa, kisha la pili. Matawi ya vyama vya wafanyakazi yaweza kuubandika ukurasa huo ukutani kesho.

Na waajiri nao tuwaambie. Mfanyakazi anayesema mistari imepinda asiambiwe angoje mwisho wa mwezi au foleni ya malori ipungue. Foleni ya Tunduma haijapata kumhurumia mtu. Apewe ruhusa siku ile ile.